Pembe ya Mkono wa Chini: Nilivyolirudishia DX Lililoshushwa Mwendo Wake wa Mbele

Kwa miaka miwili nililiendesha DX langu, Toyota Corolla ya zamani, likiwa limeshushwa milimita 65 mbele, na muda wote huo niliamini kwamba kasoro yake ilikuwa ni shokabzoba zilizochoka. Nilizibadilisha mara mbili, na mara zote mbili nafuu ilidumu kwa wiki chache tu. Kilichonifumbua macho hakikuwa fundi wala kitabu, bali ni gari la ami yangu, ambalo ni DX kama langu, la rangi ya maziwa, halijaguswa springi tangu linunuliwe. Siku moja aliniachia niende nalo Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, na katika kona ambayo langu hulala kama jahazi lililokumbwa na kusi, la kwake liliinama kidogo likapita. Gari refu, lenye springi laini za kiwandani, likawa linainama kidogo kuliko gari lililo chini yake kwa zaidi ya inchi mbili. Hapo nikajua kwamba nilikuwa nikitibu ugonjwa usiokuwepo.

Kwa wasomaji walio nje ya Kenya, DX ndilo jina la mtaani la Toyota Corolla KE70, ile ya umbo la sanduku iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, yenye injini ya 4K ya cc 1,290 mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 1983, kwa sehemu kubwa kilihamia kwenye magurudumu ya mbele, na hiyo ni sababu mojawapo ya vijana wa hapa kuendelea kuyatafuta ya zamani, kuyapaka rangi upya na, kwa bahati mbaya, kuyashusha kwa msumeno.

Langu nililinunua likiwa limeshashushwa. Gereji iliyofanya kazi hiyo ilikata mzunguko mmoja na nusu wa kila springi ya mbele, na kwa jinsi ncha zilivyokuwa na rangi ya samawati nina hakika walikata kwa moto wa gesi. Moto huo huharibu ugumu uliotiwa kwenye chuma cha springi, na sehemu iliyochomwa ndiyo hukaa kwenye kikalio na kubeba uzito wote. Lakini tuuache moto, tutazame hesabu. Ugumu wa springi huongezeka kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua. Nilihesabu 8 kwenye gari la ami na sita na nusu kwenye langu, maana yake springi zangu zilikuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 23. Kwa kanuni ya mtaani, gari lililoshushwa na kukazwa hivyo lilipaswa kusimama wima kwenye kona. Halikusimama, na jibu halikuwa kwenye springi hata kidogo.

Sehemu ya mbele ya gari hili imejengwa kwa mfumo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Earle S. MacPherson wa Ford, na ambao ulionekana Uingereza mwaka 1950 kwenye Ford Consul na Zephyr. Ni mfumo wa kibahili, na nasema hivyo kwa heshima: nguzo moja hubeba springi, shokabzoba na ekseli fupi ya gurudumu, juu hufungwa kwenye bodi, na chini huegemea mkono mmoja tu, wenye bushi (egemeo la raba) upande wa ndani na bol jointi (kiungo cha tufe kinachozunguka) upande wa nje. Kwa kuwa vipande ni vichache, pembe ya ule mkono mmoja huamua karibu kila kitu. Gari likiwa na kimo chake cha kiwandani, ncha ya nje ya mkono huwa chini kuliko ncha ya ndani. Ukilishusha gari, bodi huteremka pamoja na bushi ya ndani, lakini bol jointi hubaki palepale kwa sababu kimo chake kinashikiliwa na tairi. Mkono huo ulioteremkia nje sasa hupandia nje.

Nilitaka kuona tofauti hiyo kwa namba. Jumamosi moja nililisimamisha gari langu na la ami sambamba kwenye sakafu ya saruji, nikapima kwa futi, timazi na kipande cha uzi. Mkono una urefu wa milimita 320 kutoka bushi hadi bol jointi. Kwenye gari la ami, bol jointi ilikuwa milimita 180 kutoka ardhini na bushi 220, yaani mkono uliteremka milimita 40 kwenda nje. Kwenye langu bol jointi ilikuwa ileile 180, lakini bushi ilikuwa 155, kwa hiyo mkono ulipanda milimita 25. Kisha nikachora yote kwenye karatasi ya manila, kila milimita 5 za gari zikiwa milimita 1 ya karatasi.

Uchoraji wenyewe ni mwepesi kuliko unavyosikika. Unachora mstari unaopita katikati ya mkono wa chini na kuuendeleza kuelekea upande wa pili wa gari. Unachora mwingine kuanzia mauntingi ya juu ya nguzo, ukiwa wa pembe mraba na nguzo hiyo, nao pia unauendeleza. Mahali inapokutana mistari hiyo miwili ndipo gurudumu linapozungukia kwa wakati huo. Kutoka hapo unarudisha mstari wa tatu hadi pale tairi linapogusa ardhi, na mahali mstari huo unapokata katikati ya gari ndipo kilipo kitovu cha mwinamo, yaani kile kituo ambacho sehemu ya mbele ya bodi hukizunguka inapolala upande.

Mistari ya gari la ami ilikutana vizuri ndani ya karatasi, na kitovu chake kikawa milimita 135 juu ya ardhi. Mistari ya gari langu ilikataa kukutana. Ilikimbia pamoja kama ndugu wasiosemezana, ikatoka nje ya karatasi, ikanilazimu kubandika ya pili kwa selotepu, na ilipokutana hatimaye, ilikuwa zaidi ya mita 6 kutoka kwenye tairi kwa kipimo cha gari, tena chini ya ardhi. Kitovu cha mwinamo kilikuwa milimita 32 chini ya lami. Bodi ilikuwa imeshuka 65; kitovu kilikuwa kimeshuka 167.

Hapo ndipo kona ya Mtwapa ilipopata maelezo. Kinacholiinamisha gari ni nguvu ya kona inayosukuma kitovu cha uzito kwa kutumia mkono wa wenzo ambao urefu wake ni umbali kutoka kitovu cha mwinamo hadi kitovu cha uzito. Kwa gari lisiloguswa nilikadiria kitovu cha uzito kuwa milimita 520 juu ya ardhi, na wenzo wake ukawa 385. Kwa langu, kitovu cha uzito kilishuka hadi 455, lakini wenzo ulirefuka hadi 487, ongezeko linalozidi robo. Ule ugumu wa asilimia 23 ambao ukataji ulikuwa umenipa mbele, wenzo uliumeza wote na kudai chenji. Nilikuwa nimelipia mtikiso na sikupata chochote badala yake, ila sura ya gari likiwa limeegeshwa.

Pana hasara nyingine katika mkono unaopandia nje. Katika mfumo wa MacPherson, gurudumu la nje linapopanda kwenye kona, sehemu yake ya juu inapaswa kulalia ndani ili tairi libaki limekanyaga vyema bodi inapoinama. Hilo hutokea maadamu pembe kati ya mkono na nguzo inaruhusu bol jointi isogee nje. Mkono ukishapita mlalo, bol jointi huanza kuvutwa ndani, na gurudumu husimama au hata kulalia nje wakati ule ule linapohitajika zaidi. Kingo za nje za matairi yangu zilikuwa zimelika kama sabuni, nami nilikuwa nikimlaumu mtu wa alaimenti.

Dawa ya pembe ni spesa. Katika Corolla hizi, mkono wa usukani ni kipande cha pekee kinachofungwa kwa bolti chini ya nguzo, na bol jointi imeshikwa na kipande hichohicho. Ukiweka kipande cha chuma kati ya nguzo na mkono wa usukani, bol jointi huteremka kwa unene wa kipande hicho, na ncha ya nje ya mkono wa chini hushuka nayo. Wapo wanaodhani kwamba spesa hulinyanyua gari. Hailinyanyui, kwa sababu ekseli ya gurudumu iko kwenye nguzo, juu ya spesa. Kinachobadilika ni pembe ya mkono pekee. Uzuri wa pili ni kwamba ncha ya fimbo ya usukani huteremka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uhusiano baina ya mkono wa chini na fimbo ya usukani haupotei. Katika magari ambayo mkono wa usukani ni sehemu ya nguzo yenyewe, ukiishusha bol jointi peke yake unatatua shida moja na kuzaa nyingine.

Spesa zangu zilikerezwa Shimanzi, zikiwa na unene wa milimita 35. Mkerezaji alipendekeza alumini kwa kuwa ni nyepesi na mashine yake inaila bila taabu. Nilikataa. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na alumini ikibanwa kati ya vipande viwili vya chuma katika hewa hii huoza na kutoa unga mweupe, kisha bolti hulegea taratibu bila kumwambia mtu. Tulitumia chuma, juu kukiwa na mwinuko wa kuingia kwenye tundu la nguzo na chini kukiwa na tundu la kupokea mkono wa usukani, ili bolti zifanye kazi ya kubana tu na si ya kuzuia vipande visiteleze. Bolti nilinunua mpya za gredi 10.9, ndefu zaidi kwa milimita 35 kamili. Fundi mwingine alinishauri niokoe pesa kwa kuupasha moto mkono wa usukani na kuupinda kuelekea chini. Nilimshukuru, nikaondoka. Kipande hicho ndicho kinachoamua gari liende nilikokusudia au baharini.

Spesa ilileta deni lake. Rimu zangu zilikuwa za inchi 13, na kwa milimita 35 kichwa cha mkono wa usukani kiligusa ukuta wa ndani wa rimu. Nilisikia mkwaruzo nilipolizungusha gurudumu kwa mkono, kabla hata sijashusha jeki. Nilikuwa na njia mbili, kupunguza spesa hadi 25 au kuongeza rimu. Nilihamia inchi 14 zenye matairi ya 185/55, ambayo nusu kipenyo chake inazidi kwa takriban milimita tatu na nusu tu yale ya 185/60 ya inchi 13 niliyokuwa nayo, kwa hiyo vipimo vyangu vya karatasini havikuharibika sana.

Nilirudi kwenye manila. Spesa ya 35 peke yake, gari likiwa bado limeshushwa 65, ilikipandisha kitovu cha mwinamo kutoka 32 chini ya ardhi hadi 52 juu yake. Ni nafuu kubwa, lakini bado wenzo ulikuwa mrefu kuliko wa gari la ami. Nilipochora tena nikilinyanyua gari kwa milimita 20, yaani lishushwe 45 badala ya 65, kitovu kilipanda hadi 101 na wenzo ukawa 374. Hizo milimita 20 ziliniuma. Mwenye gari lililoshushwa hupima heshima yake kwa vidole vinavyopita kati ya tairi na madigadi, nami nilikuwa naongeza kidole kizima kwa hiari yangu. Hata hivyo, 374 ni ndogo kuliko 385, na kwa mara ya kwanza gari langu lingekuwa na sababu ya kuinama kidogo kuliko la ami hata kabla ya kuhesabu springi.

Baada ya pembe ikabaki shida ya mwendo, ambayo kwa barabara zetu naiona kuwa kubwa kuliko zote. Gari la kiwandani lilikuwa na milimita 85 za kupanda kabla gurudumu halijafika kwenye raba ya kizuizi, na 75 za kushuka. Lilipokatwa springi, 65 kati ya zile 85 zililiwa siku hiyohiyo. Zilibaki 20, na tuta la kawaida nje ya shule linahitaji zaidi ya hapo ukilipita kwa mwendo wa mkokoteni. Kwa hiyo gari lilikuwa likitembea juu ya raba, na raba ikishajaa ni chuma kwa chuma. Ndiyo maana shokabzoba zilikufa: pistoni ilikuwa ikipigwa kwenye sakafu ya bomba lake kila siku. Wapo wanaoikata raba ili wapate nafasi; wanachofanya ni kuondoa mto na kuuacha msumari.

Mwendo haurudi mpaka bomba la nguzo lifupishwe. Nilitafuta katriji fupi (yaani shokabzoba kamili za kutumbukizwa ndani ya nguzo) za gari jingine zinazoingia kwenye bomba langu bila kucheza, mwendo wake ukiwa milimita 135, kisha tukakata milimita 40 za bomba na kulichomelea upya likiwa na pete ndefu ya chuma ndani ya kiungo. Mchomeleaji alikuwa mtu wa mabomba ya mvuke, si wa mageti, na kabla ya kumlipa tulilibingirisha kila bomba juu ya kioo cha meza kutazama kama mwanga unapita chini yake. Moja lilipitisha mwanga. Tulilikata tukarudia. Bomba lililopinda nusu milimita huonekana zima, lakini nguzo hugoma kuteleza na katriji mpya hulika upande mmoja. Kikalio cha springi tulikishusha, nikaweka springi nzima zisizokatwa, ngumu kidogo kuliko za asili. Ndani ya bomba nilimimina mafuta kidogo kabla ya kuingiza katriji, kwa kuwa bila mafuta joto la katriji halina njia ya kutoka. Nati ya juu ilibana katriji barabara. Ikibaki na mchezo hata mdogo, utaisikia ikigonga kwenye kila kokoto.

Baada ya kufunga, nina milimita 75 za kupanda na 60 za kushuka. Lakini mwendo ulio kwenye karatasi si lazima uwepo kwenye gari. Nilitoa springi upande mmoja, nikalipandisha gurudumu kwa jeki polepole huku nikilikata usukani kulia na kushoto, na tairi liligusa mdomo wa madigadi likiwa limepanda 62. Tuliulaza mdomo huo kwa nyundo ya mpira. Bomba la breki nalo lilihitaji kusogezwa, maana gurudumu likining'inia lilivutika kama kamba ya tanga.

Nikiwa bado na springi nje, nilipima kile kinacholiumiza gari lililoshushwa bila dereva kujua, yaani gurudumu kujigeuza lenyewe linapopanda na kushuka. Hutokea kwa sababu fimbo ya usukani na mkono wa chini huchora tao mbili tofauti, na gurudumu likawa linavutwa na mmoja na kusukumwa na mwenzake. Nilifunga ubao ulionyooka kwenye habu, nikasimamisha rula mbili, moja mbele na moja nyuma, na kusoma tofauti yake kila milimita 10 za kupanda. Kabla ya spesa, milimita 40 za kupanda ziliugeuza ubao milimita 4 kati ya rula na rula. Baada ya spesa, chini ya milimita 1. Hilo pekee lilieleza kwa nini kwenye barabara ya Malindi usukani wangu ulikuwa ukinivuta kila gurudumu moja lilipokanyaga kiraka.

Alaimenti ilikuwa ya mwisho, na niliifanya gari likiwa na mtu kwenye kiti cha dereva na nusu tangi ya mafuta. Magurudumu ya mbele, kwa upande wa juu, yanalalia ndani nyuzi moja na nusu. Zaidi ya hapo ni kulisha muuza matairi.

Ulibaki mtihani mmoja ambao haupo kwenye manila. Kivuko cha Likoni hakina huruma na gari la chini, hasa maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa feri husimama chini zaidi kwenye mteremko na pembe kati ya lami na mlango wake huwa kali. Zamani nilikuwa nikitazama jedwali la maji kama mvuvi kabla ya kwenda kumsalimu shangazi. Nilipaka rangi nyeupe chini ya krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini), nikasubiri bamvua, nikavuka saa ambayo maji yalikuwa yamekupwa kabisa, nikiwa na abiria watatu. Ng'ambo niliingia chini ya gari na tochi. Rangi ilikuwa na mchubuko mmoja, upana wa kidole gumba, upande wa abiria, mahali ambapo zamani chuma kilikuwa kimeng'arishwa kama sufuria. Ami alipouona aliniuliza kwa nini basi nisilinyanyue zile 45 zilizobaki. Sikumjibu.